Jumamosi ni ya Baba, Shule ni ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimekosa yote. Yote!

Swali: watu arobaini kwenye sherehe. Ishirini na watano walikunywa soda, ishirini na wawili juisi, watano hawakunywa chochote. Wangapi walikunywa soda na juisi pia? Mimi nikajumlisha weeee, nikapata watu hamsini na wawili. Mwalimu wa tuisheni akaniuliza hao kumi na wawili wa ziada wameingilia dirishani au vipi. Darasa zima likaangua kicheko. Tunamwita Miduara, maana hawezi kukaa dakika mbili bila kuchora miduara miwili iliyopandana. Ananiambia kila siku: anza na wa katikati, hao unawahesabu mara mbili!

Mwaka jana ni maswali haya haya yaliyoniangusha kwenye mtihani wa kuingia chuo. Mwaka huu ndiyo basi tena. Nikivuka miaka kumi na saba hawanipokei.

Jumatano, 5 Machi

Kwa mama. Anko, mume wake, katazama taarifa ya habari, halafu akatazama marudio ya habari hiyo hiyo. Kitanda changu ni kochi la sebuleni, kwa hiyo asipolala yeye silali mimi. Nikahamia jikoni na vitabu. Mtoto wao akaanza kulia. Mama akasema si ningesubiri nisomee kwa baba, kule kuna nafasi.

Nafasi! Kule nalala kwenye godoro katikati ya vitanda vya mapacha wa baba, wananiruka usiku wakienda chooni.

Chuo kina bweni. Kitanda kimoja, mwaka mzima. Mswaki mmoja!

Ijumaa, 7 Machi

Nimehamia kwa baba na begi langu, kama kawaida. Wazazi walipoachana walikubaliana hivi: siku za wiki za mama, Ijumaa jioni mpaka Jumapili za baba, na mambo yote ya shule ya mama.

Miduara katutaka kila mtu atunge swali lake. Nikaandika: nyumba moja ina watu watano (baba, mama mdogo, mapacha, mimi). Nyumba ya pili ina wanne (mama, anko, mtoto, mimi). Jumla ni wangapi? Si tisa, ni wanane. Mimi nipo kote kote.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaandika "Vizuri sana", akanirudishia daftari bila kunitazama.

Jumanne, 11 Machi

NIMEELEWA! Jaribio la leo, maswali ya miduara nimepata yote ila moja tu. Unawatoa wa katikati mara moja, kisha unawakumbuka wa nje. Basi! Mwaka mzima nalia juu ya kitu hiki?

Ila kuna jipya. Karatasi ya maelekezo ya mtihani wa Jumamosi inasema mtahiniwa aje na mzazi au mlezi, asaini getini. Asiyesainiwa haingii. Nimempa mama akaisoma huku ananyonyesha. Sawa, akasema.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudia swali la soda na juisi, nikapata hamsini na wawili tena! Nikalia bafuni, bomba nikiwa nimelifungulia. Nikaosha uso, nikarudia. Kumi na wawili. Kumi na wawili, mjinga wee!

Ijumaa, 14 Machi

Nimemuuliza mama kabla ya kutoka: kesho vipi? Akasema nisijipe presha, mzazi atakuwepo. Nimefika kwa baba, nimemuuliza na yeye. Akasema jambo lile lile, wewe fikiria hesabu tu, mzazi atakuwepo.

Sasa hofu ndiyo imenijaa. Watakuja wote wawili! Wataanza mbele ya geti, mbele ya wenzangu wote, nani alisema nini mwaka gani. Mwenyezi Mungu, kesho wasifungue midomo. Wasaini tu, waende zao.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia kwenye ukingo wa barabara, nje ya geti. Nimefika wa kwanza kabisa. Baba alitoka alfajiri na mapacha nikiwa naoga. Nilijua katangulia huku.

Hayupo.

Wenzangu wanasainiwa mmoja mmoja. Kuna bibi wa mtu kaja na kanga ya kulalia, kasaini, kambusu mjukuu wake. Mwandiko wangu unaruka ruka, sijali.

Nimempigia baba. Yuko na mapacha kwenye mashindano yao ya kuogelea, mji wa pili. Akashangaa kweli kweli: si mambo ya shule ni ya mama yako?

Nimempigia mama. Yuko kliniki na mtoto, foleni ndefu. Naye akashangaa: leo si Jumamosi? Jumamosi si ya baba yako?

Nikapiga kelele barabarani. Nikamwambia mama, mmoja wenu aje, yeyote, hata anko! Akasema tulia, naongea na baba yako sasa hivi, tutajua.

Geti linafungwa saa mbili kamili. Mlinzi kaniuliza niko na nani. Nikasema wanakuja. Kaitazama saa yake, kanihurumia, hilo ndilo baya zaidi.

Nimepiga ya baba: inatumika.

Nimepiga ya mama: inatumika.

Wanaongea wao kwa wao. Nawajua, wanabishana leo ni zamu ya nani.

Wenzangu wameshaingia wote. Mlinzi kashika kufuli. Baba, inatumika. Mama, inatumika. Baba—