Fundi na Mafundi

Alhamisi, Julai. Upepo wa Ufipa umevuma tangu asubuhi na vidole vyangu bado vina baridi ninapoandika haya. Moyo nao haujatulia.

Tangu nistaafu kufundisha Kiswahili, ninasimamia seva ya Linux katika chumba cha kompyuta hapa Sumbawanga. Mashine hiyo hiyo inawahudumia wateja wa intaneti na waandishi wetu wa programu. Zana za waandishi hao zimo katika saraka moja ya pamoja, yaani kabati la mafaili ndani ya mashine: kila mtu anaweza kuzitumia, lakini ni watu wa kundi lao tu wanaoruhusiwa kuandika humo.

Leo Anastazia, mmoja wao, alikataliwa.

Kesho alfajiri anapanda basi kwenda Kasanga kufunga programu ya kupokelea mizigo katika ghala la mfanyabiashara mmoja. Ni mkataba wake wa kwanza. Asipofika nayo, kazi atapewa mtu wa Mbeya. Alikuwa amebakiza kuongeza zana moja katika saraka, na mashine ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Mwalimu, wafungulie wote. Nikimaliza utafunga."

Nilikataa. Wateja wa intaneti nao ni sehemu ya hao "wote", na faili moja likifutwa na mgeni, hasara ni yetu sote. Nikamwambia, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani, kwamba bila shaka ameingia kwa jina lisilo lake. Akatoka kwenye mashine, akaingia upya. Akakataliwa tena. Umeme ukayumba, tukaitazama taa.

Ndipo nikaorodhesha saraka yenyewe. Kwenye nafasi ya kundi linaloimiliki palikuwa na neno "fundi". Jicho langu lilichukia kosa la sarufi kabla akili haijaelewa kosa la kazi.

Jumatatu niliunda kundi jipya, "mafundi", badala ya lile la zamani la "fundi", kwa sababu watu wengi hawaitwi kwa umoja. Niliwahamisha wote. Saraka sikuihamisha. Ilibaki mali ya "fundi", kundi lisilo na mtu.

Nilimfungia mlango mimi mwenyewe.

Nilimweleza hivyo, bila kuzunguka. Akacheka kidogo, macho kwenye saa.

"Kumbe mchana kutwa nimezuiwa na umoja na wingi. Mashine haijui ngeli, Mwalimu."

Nikaikabidhi saraka na vyote vilivyomo kwa "mafundi", na nikaagiza kila faili jipya humo liwe la kundi hilo.

Jioni programu imekamilika. Ameondoka nayo kwenye sidii bila kuijaribu, kwa maana muda wa kuijaribu niliumaliza mimi kwa kumwona yeye ndiye mkosaji. Ikigoma Kasanga, atasimama peke yake mbele ya mwenye ghala.

Kundi la "fundi" nimelifuta. Jina lake lilikuwa na kosa, lakini lilikuwa likifanya kazi yake.

Basi Jumatatu nilikuwa nikisahihisha nini?