Barafu ya Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia shamba zima la migomba kabla ya saa nne. Hapa kijijini Kimuli hakuna wa rika langu anayeweza. Anitha, binti wa dada yangu, kaja tena kuuliza kisa changu cha barafu. Alhamisi ya wiki ijayo anatoa hotuba shuleni, mshindi anakwenda Bukoba. Nikamwambia: nilipokuwa baharia mwisho wa dunia, nilichomeka mti kwenye barafu inayoelea, pana kuliko wilaya za Karagwe na Kyerwa. Wiki nzima haikusogea hata kidole. Bahari ijae, ipwe, yenyewe tuli. Kaandika yote.

Jumatano, 5 Machi
Kanisomea hotuba. "Mjomba wangu aliona kwa macho yake." Mama yake akapiga vigelegele. Barafu niliyoishika mimi ni ya kuhifadhia samaki, Mwanza, nikibeba mabonge. Meli sijapanda. Kesho namwambia.

Jumapili, 9 Machi
Sijamwambia. Jana nimevundika ndizi za rubisi, pombe yetu, nikasingizia kazi. Leo baada ya ibada wazee wakataka kisa. Nikaongeza nyangumi. Mjinga mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Kashindwa. Mwalimu kamsahihisha mbele ya watu: barafu ile imeshikana na nchi kavu upande mmoja, kwingine inaelea. Maji yakijaa inanyanyuka, yakipwa inashuka, na mwendo wake kwenda baharini unabadilika, mara mbio, mara polepole. Wenzake wakamzomea: "Kamlete mjomba wako atoe ushahidi!"
Kaja macho mekundu. "Mjomba, labda yako ilikuwa barafu nyingine?"
Bado ananitetea. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 15 Machi
Tumekanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi. Nyasi tunazochanganya na ndizi zimenasa ukingoni, kwingine zinaelea. Nikamimina maji, zikapanda. Nikayachota, zikashuka, zikasogea kidogo katikati. Maneno ya mwalimu yote yamo humo. Miaka yote nakanyaga, sijatazama.
Nikamwita Anitha, nikamwonyesha. Kisha nikasema: bahari sijaiona. Ni Mwanza, mabonge, samaki.
"Ungeniambia hiyo ya samaki, Mjomba, ningeiandika hiyo."
Kaondoka. Kikombe cha maji ya ndizi nilichomkingia hakukigusa.

Jumapili, 16 Machi
Anitha kanipa shikamoo, basi.
Baada ya ibada wazee wakadai barafu. Nikawapa ya Mwanza: gunia begani, mgongo umelowa, vidole vimekufa ganzi. Hakuna aliyecheka. Nyangumi sikumtaja.
Anitha alikuwa mlangoni. Alisimama mpaka nilipomaliza.