Uyoga wa Kichuguu cha Busiu

Mjukuu wangu Nambozo,

Huku Wanyange hatujambo. Babu yako anakohoa, lakini bado anabishana na redio.

Unauliza kama uchimbe kichuguu chetu cha Busiu, uoteshe uyoga wake hapo Namakwekwe kwa biashara. Nilipokuwa msichana, mjomba alijaribu. Alibomoa kichuguu kimoja cha shambani, akabeba udongo hadi nyuma ya jiko. Mama akamcheka: "Kaka, umeleta nyumba, wenyewe umewaacha wapi?"

Mvua ziliponyesha, hatukupata uyoga nyuma ya jiko wala shambani. Waliokuwa wakiulima ni mchwa, nao walikuwa wamehama.

Nunua mbegu za uyoga wa kulimwa, uzioteshe kwenye maganda ya pamba. Kichuguu kiache. Sisi tulihama Busiu bila kupenda; angalau mchwa wabaki.

Bibi yako