Spika ya Chumba cha Mbele

Mpendwa baba mkwe,

Jina lako silitaji hata hapa kwenye karatasi. Wiki ya kwanza nilipoolewa, mama, mkeo, alinifundisha kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtaji baba mkwe, hamwangalii, wala hakai naye chumba kimoja. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwetu mkwe tunamheshimu, tunapiga goti, tunamsalimu "kamwene", basi. Nilidhani mama ananitania. Kesho yake ulikohoa uani, akanisukuma stoo, nyuma ya mlango, nikiwa na unga mikononi. "Kaa humo! Mzee anapita." Tangu siku hiyo kikohozi chako ndicho kilichokuwa hodi yako.

Tumeishi nyumba moja hapa Mbeya miaka minne, na sura yako siijui. Navijua viatu vyako mlangoni. Naijua harufu ya tumbaku yako ya Chunya, na mlio wa fimbo yako kwenye sakafu. Lakini tulisikiliza muziki pamoja, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Mwanao, mume wangu, ni fundi redio, unajua asivyopenda kitu kikae kimya. Mashine ya santuri aliiweka sebuleni, akatoa nyaya mbili. Moja ilipita darini hadi chumba chako cha mbele, nyingine ikavuka ua, juu ya kamba ya nguo, hadi jikoni kwangu. Kila mwisho wa waya aliweka spika ndani ya kasha la mbao alilolipiga msasa mwenyewe.

"Sasa wewe, mama Atupele, na baba mtasikiliza sahani moja bila kuonana," aliniambia.

"Na mimi nitakaa wapi?" mama akauliza. "Juu ya waya kama ndege?"

Sahani nilikuwa nazibadilisha mimi, saa kumi jioni, kabla sijainjika ugali, wewe ukiwa umeshafunga mlango wako. Siku moja sahani ilipokwisha, nikiwa sebuleni, nikasikia fimbo yako ukutani: ko, ko. Nilisimama na sahani mkononi, nisijue la kufanya. Nikairudisha mahali pake, nikaweka sindano mwanzo. Fimbo ikatulia. Ilipokwisha tena: ko, ko. Hapo nikacheka peke yangu. Mara mbili ilikuwa rudia. Mara moja ilikuwa imetosha, weka nyingine. Hatukupanga, ilitokea tu. Sikumwambia mama, maana niliogopa atasema hata kugonga ni kuzungumza.

Uliyoipenda zaidi ni ile yenye karatasi ya buluu katikati, ya muziki wa dansi, yenye mkwaruzo unaoruka neno moja. Jioni moja nilimsikia mama dirishani kwako:

"Mzee, muziki huu ulicheza na nani huko Makongolosi?"

"Mimi nilikuwa nachimba dhahabu."

"Dhahabu inachimbwa kwa kiuno?"

Ukagonga ukuta mara mbili, upesi upesi, ili muziki umjibu kwa niaba yako.

Kisha taa ya mashine ikaungua, ile taa ndogo ya kioo inayokuza sauti. Mwanao alisema nyingine lazima itoke Dar es Salaam, na hakuna ajuaye itafika lini. Wakati huohuo alikuwa amepata redio kaseti. Akaziweka zote mbili mezani, akaniambia nichague: tuisubiri ile, au tuchukue hii.

"Hii inabebeka?" nikauliza.

"Inabebeka. Na inanasa sauti. Ila haina pa kuunganishia nyaya."

Nilifikiria kwaya ya nyumbani, ambayo dada yangu angeweza kuninasia kwenye kaseti na kunitumia kwa basi la Iringa. Nilifikiria jiko langu. Katika zile nyaya nilifikiria waya wangu tu, nikaona sina haja nao tena. Chumba chako hakikunijia kichwani, baba. Nasema kweli. Nilichagua ya kaseti kama mtu anayechagua sufuria.

Mama alikuwa Tukuyu kwenye mavuno ya kahawa. Chakula chako alikuletea mwanao, na yeye hukumuuliza kitu. Baba gani atamuuliza mwanawe habari za mkaza mwana? Mimi nilikuwa jikoni, ng'ambo ya ua, na kaseti yangu. Kama uligonga, sikusikia. Zilipita wiki tatu.

Mama aliporudi alitua mkungu wa ndizi, akaenda kukusalimu, akaja jikoni hata hajavua viatu.

"Mama Atupele, umegombana na mzee?"

"Nitagombana naye vipi, mama? Hata simwoni."

"Anauliza amekukosea nini. Anasema umemnyamazia."

"Nitamnyamazia vipi mtu nisiyesema naye?"

"Ndivyo nilivyomwambia. Akageukia ukutani."

Hapo ndipo nikaukumbuka waya wa chumba chako. Nikamwambia: "Rudi, mama. Mwambie hajanikosea. Mwambie ni mashine. Mwambie mimi ndiye niliyechagua vibaya." Akaenda. Aliporudi nikamuuliza umejibu nini. "Hakusema kitu," akasema. Kifua chako kilikuwa kimeshakubana, asubuhi wakakupeleka hospitali, na siku ya nne tukapakia jeneza kwenye lori kwenda Tukuyu. Neno hilo, hakusema kitu, nililibeba msiba mzima. Watu walidhani nalia kama mkwe anavyopaswa kulia.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na mama. Akaanza kukutania, kama anavyofanya siku hizi ili asilie.

"Mzee wangu alikuwa mkaidi! Siku ile nilipompelekea maneno yako, alinyoosha mkono akagonga ubao wa kitanda, ko, ko. Nikajua ni kiu. Nikampa maji, akayasukuma. Akagonga tena. Nikampa tena, akayasukuma tena!"

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa khanga. Mimi niliweka kisu chini. Sikumwambia.

Tangu siku hiyo sina raha. Kama ulikuwa unasema rudia, basi ulinielewa, ukataka kusikia tena, na hakukuwa na wa kukurudia. Au yalikuwa maumivu tu, mkono ukijigonga wenyewe. Nikipika najiuliza. Nikifua najiuliza. Wa kuniambia ni wewe.

Juzi ile taa ilifika. Mwanao akaitengeneza mashine, akaniuliza tena ni ipi ibaki sebuleni. Nikasema ya santuri.

"Na waya wa chumba cha baba niutoe?"

"Uache."

Jana saa kumi nilifunga kwanza mlango wako, kama zamani, kisha nikaweka ile ya buluu. Ilipokwisha nilisimama nikasikiliza ukuta. Nikarudisha sindano. Ikaisha, nikairudisha tena.

"Mama Atupele!" mama akaita kutoka uani. "Leo sahani ni hiyohiyo tu?"

"Ni hiyohiyo, mama."

Akaanika nguo nyingine kambani. "Haya. Iache."

Hajakukosea mtu, baba, na wewe hukumkosea mtu. Nimelisema kwa mama, nimelisema kwa sahani, sasa nalisema kwa kalamu. Pumzika upande wako wa ukuta, mimi niko upande wangu. Nitaendelea kuirudia, maana ile ko moja ya kusema imetosha bado sijaisikia.

Mkweo,
mama Atupele