Ombi la Kuondoa Jina la Mama

Jumatatu, 3 Novemba

Asubuhi soko la vitambaa la Zhongda, vitenge. Jioni kuwaandikia wateja maombi rasmi. Nimekamilisha la Mkenya ambaye kontena lake limezuiliwa bandarini Nansha. Aya tatu, hakuna neno la ziada. Kisha Rehema, mwanafunzi wa isimu kutoka Tanga, akaniletea mteja: Marisela, Mmeksiko anayefundisha Kihispania hapa barabara ya Huanshi Zhonglu. Mama yake, aliyefariki mwaka jana, alikuwa miongoni mwa wazungumzaji wachache waliosalia wa Kipaipai, lugha ya milima ya Baja California. Kwa hiari yake aliirekodia kampuni moja ya hapa sauti yake. Ijumaa ya wiki ijayo kampuni itaonyesha mashine inayozungumza kwa sauti yake. Huanza kwa kujitambulisha: jina kamili la marehemu.

Marisela anataka jina liondolewe. Mengine yote yabaki.

Sijawahi kupokea ombi la namna hii. Watu huomba majina yao yaingizwe.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemtaka Marisela anipe jina la marehemu kwa ajili ya aya ya kwanza. Amekataa. Hata kuliandika amekataa. Husema "yule" tu. Nguo za mama yake, kwa maelezo yake mwenyewe, zilichomwa moto zote.

Binti gani asiyelitaja jina la mama yake? Sauti isiyo na jina inaweza kudaiwa na yeyote. Naamini hilo ndilo lengo: huenda si binti kabisa. Sitatia mkono wangu katika ulaghai.

Rehema amenicheka. "Kaka Faustini, wewe hata ukiomba chumvi unaanza na Yah. Andika bwana!"

Sikuandika.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekwenda kwenye kampuni nikajifanya mnunuzi. Wamenipa kijitabu. Picha ya mwanamke, chungu cha udongo mapajani, jina chini yake. Pua ni ya Marisela. Hilo halithibitishi kitu. Shangazi pia huwa na pua.

Kesho nitamjaribu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mkahawani, watatu. Nimelisoma jina kwa sauti, polepole, nikimtazama usoni. Nilitarajia mshtuko wa mwongo.

Ameziba masikio kwa viganja. Kisha akatoka, mkoba akauacha kitini.

Rehema hakucheka. "Umefanya nini, kaka? Kwao marehemu hatajwi. Ukimwita, humwachi aende zake. Ndiyo maana hata nguo walichoma."

Nikauliza kwa nini sikuelezwa mapema.

"Mtu akikwambia hataki, mpaka alete sababu yenye muhuri?"

Nimeona aibu. Aibu kubwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeandika ombi la Marisela. Mahali pa jina nimeweka "mama mzazi wa mwombaji". Kanuni zote nilizojifundisha zinakataa. Hata hivyo nimelisoma tena na tena, na halina upungufu. Rehema amelifasiri kwa Kichina.

Nimempelekea Marisela mkoba wake. Aliupokea mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Ana haki.

Jumatano, 12 Novemba

Laoban, yaani bosi wa kampuni, ametupokea sote watatu na ombi letu. Alitabasamu mno, nikamshuku papo hapo. Akauliza: bila jina, nani atasadiki kwamba huyu alikuwa mtu wa kweli? Hoja yangu mwenyewe, kinywani mwake. Haikunipendeza.

Nikajibu kwamba binti yake yuko hapa, mzima, na anasema lugha ile ile. Marisela akasema Kipaipai mbele yake, kwa muda mrefu, bila kuinua sauti. Laoban akaacha kutabasamu. Atafikiri, alisema. Katika mji huu, bosi akisema atafikiri, amekwisha kukataa.

Simwamini.

Ijumaa, 14 Novemba

Ukumbi wa maonyesho. Tulisimama nyuma. Mgeni akagusa kioo. Mashine ikasalimu, ikanyamaza kidogo pale jina lilipokuwa, ikaendelea. Laoban ametimiza.

Marisela akasogea mbele. Akaijibu kwa Kipaipai. Sauti ikasema, naye akasema. Sikuelewa hata neno moja. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi.

Rehema na mimi hatukupiga.