Nywele za Mtoto wa Pichani

Paris, 9 Novemba 1891

Dada yangu Philiberte,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumai mgongo umekupa nafasi ya kuvuna viazi. Mimi nipo. Mikono imechanika kwa sabuni, lakini nyumba ya kufulia ni yangu, na wafuaji sita wananiita bibi mkubwa.

Uliniandikia kwamba nimemchukua Lazarine baada ya wewe kumaliza kazi ya kulea. Neno hilo limenichoma. Mimi nilikwenda kunyonyesha watoto wa matajiri ili ninyi mpate paa lisilovuja. Ila kweli, anajua mimi ndiye niliyemzaa, na bado kwa miezi yote mitatu tangu aje alikuwa akiniita Bibi, kama wateja.

Jumapili mimi na Lazarine tulipita mbele ya duka la picha. Akasimama ghafla: “He! Si wewe huyu?” Ni mimi kweli, nimechorwa kwa chaki za rangi, nimempakata mtoto, shavu langu juu ya kichwa chake. Chini wameandika: Mama na Mwana. Unamkumbuka yule mwanamke mchoraji, rafiki wa matajiri wangu? Alinikalisha mara kumi na moja, saa tatu kila mara. Mpishi wao alinicheka, eti ng'ombe wa huko kwetu Morvan siku hizi anapakwa rangi. Mchoraji akawa anasifu huruma ya macho yangu. Huruma gani, dada? Ulikuwa usingizi. Mtoto yule alinyonya mara tisa kwa siku.

Nimepiga hesabu: saa thelathini na tatu nilimpakata yule kwa ajili ya picha tu. Wangu nilimwacha ana wiki saba.

Sasa nikuungamie. Lazarine alisogea kwenye kioo cha dirisha la duka, akauliza taratibu kama mtoto yule ni yeye. Nilikuwa nimechoka. Nikasema ndiyo, kwamba nilikuja naye Paris kwanza, ndipo nikamrudisha kwako. Akauliza mbona nywele ni za njano na zake ni nyeusi. Nikamwambia nywele hukolea rangi mtu akikua. Akanishika mkono, akasema, “Twende nyumbani, mama.”

Mama, Philiberte. Mara ya kwanza katika miaka kumi na minne.

Atakuandikia kuuliza, kwako haoni haya. Nakuomba usiufichue uongo wangu. Na mimi uniambie, maana nilipomwacha alikuwa kipara: nywele zake za kwanza zilikuwa za rangi gani? Kama zilikuwa nyeusi, nijibu mimi peke yangu.

Nisalimie shemeji Andoche, na majirani wanaoniulizia, hata wale wanaoniulizia kwa ubaya.

Mdogo wako,
Reine