Baba, Nimechagua Kazi ya Bunduki

Baba,

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Kila nikifika kwenye neno lenyewe, mkono unakataa. Leo naliandika mwanzoni kabisa: mwanao Neema anajifunza kutengeneza bunduki.

Usinigeuzie uso kwanza. Nisikilize.

Tangu wale askari wakupige risasi mlangoni pa karakana yako, pale Bukavu, mengi yamepita. Mimi na Mama tulikimbia, tukafika London, tukangoja makaratasi mpaka tukachoka kungoja. Sasa tunakaa Hayes, ndege zinapita juu ya paa hadi vikombe vinatetemeka. Mama anasafisha vyoo kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow na magoti yanamsumbua. Mimi nilisomea useremala koleji kwa ajili yako. Nilikua kwenye vumbi la randa yako, nikikusikia ukisema, "Usiulazimishe ubao, Neema. Ngoja ukuonyeshe unakoelekea."

Nilipomaliza, mwalimu akanitafutia nafasi mbili. Moja ilikuwa kiwanda cha makabati ya jikoni, karibu na kwetu. Nilikwenda kukitazama. Baba, hamna mbao mle. Ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, mashine inakata, wewe unafunga skrubu. Nafasi ya pili ilikuwa katikati ya jiji, kwa mzee mmoja Mwingereza, Bwana Harold, anayetengeneza bunduki za kuwindia ndege. Alitaka mtu wa kujifunza kuchonga vitako, ile sehemu ya mbao inayoegemea begani.

Nilikwenda ili nikatae kwa adabu. Akanipa kipande cha mti wa jozi nikishike. Kilikuwa kizito, kina mistari myeusi inayopinda kama moshi. Nilikinusa. Tangu tutoke nyumbani sikuwa nimeshika ubao wa namna ile, na machozi yalinitoka mbele ya mtu nisiyemjua. Nikasema ndiyo. Nilikumbuka mikono yako, Baba. Jinsi ulivyokufa sikukumbuka mpaka nilipokuwa kwenye basi, narudi.

Mama alikuwa anamenya viazi nilipomwambia. Akaweka kisu chini.

"Kazi zote za hii inchi, ukaona ya bunduki?"

Nikamwambia ni za ndege tu, Mama, matajiri wanawinda ndege huko mashambani.

"Na bunduki yenyewe, inajua kama huyu ni ndege?"

Nikaokota kile kisu, nikamalizia viazi.

Nilianza kwa majaribio. Kuchonga sikupata shida, mikono ilijua. Lakini siku moja Bwana Harold alinichukua nje ya jiji, kwenye uwanja wa kulengea shabaha, nione jinsi kitako kinavyokaa begani kwa mteja. Mteja akafyatua. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye matope, mikono kichwani, na suruali yangu imelowa. Wale watu waliovaa vizuri walikuwa wananitazama. Bwana Harold alinivulia koti lake akanifunga kiunoni. Ndani ya gari akasema tu, "Ukiamua kutorudi, nitaelewa."

Nilirudi, Baba. Ningekuwa na haya ya kutosha, nisingerudi.

Halafu ikaja Jumapili moja kanisani, kule tunakosali kwa Kiswahili. Mchungaji akauliza nani ana ombi. Mama akasimama. Alikuwa akiwaambia watu najifunza useremala, nami nilikuwa namwachia aseme hivyo. Akaomba wamwombee mtoto wake, anataka kuchagua kazi. "Kazi gani, Mama Neema?" Mama akasema kwa sauti ya wazi: "Ya bunduki."

Mama Furaha, aliyewazika wanawe wawili vitani, huwa anakaa kando yangu na kunishika mkono tukiomba. Aliutoa mkono wake taratibu, akaupakata mapajani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza Mama kwa nini alinianika vile. Akasema, "Sikukuanika. Nimechoka kudanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Kama utaifanya, ifanye watu wakiona."

Majaribio yameisha. Kile kiwanda cha makabati kilikuwa bado kinanitaka, na Bwana Harold alitaka jibu. Juzi nimempa. Nitakaa kwake miaka yote ya mafunzo. Mama amesikia, akanipakulia chakula kama kawaida, akala chake akiangalia dirishani.

Naona aibu, Baba. Naona aibu zaidi ninapokuwa kazini, patasi inakwenda vizuri, halafu najikuta naimba. Naimba, na wewe uko kaburini.

Siombi unibariki. Ninakuahidi hivi: siku nitakapoletewa bunduki ya kumlenga mtu, hata kama ndio mkate wetu, nitaweka patasi chini na kutoka. Na nikipata ruhusa ya kusafiri nitakuja Bukavu, nipige magoti palipo na msalaba wako, nikueleze haya kwa mdomo wangu bila kujifunika uso.

Lala salama, Baba yangu. Mama yuko karibu nami, amesimama anasoma juu ya bega langu. Ameniambia tu niongeze kwamba naye anakusalimu.

Mwanao,
Neema